Charles Babbage: Aliyebuni kompyuta, akafa kabla haijajengwa

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la wengi limehamia ndani ya kompyuta na simu. Hapa kwetu Cibitoke, na mitaa jirani ya Kinama, Mutakura na Ngagara, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anamwita kijana aliyesomea kompyuta na kumtaka amtengenezee programu ya kuhesabu mali, madeni na faida. Bei inapatanwa, malipo ya awali yanatolewa, tarehe inawekwa. Tarehe ikipita na pesa ikaongezwa bila kitu kuonekana, lawama huanza. Mfanyabiashara anasema kijana ni tapeli. Kijana anasema mzee hajui anachokitaka.

Ugomvi wa aina hii una umri wa karibu miaka 200. Katika historia ya mashine za kuhesabu, wa kwanza kuingia ndani yake kwa kiwango kikubwa alikuwa Mwingereza mmoja mwenye akili nyingi na hasira za karibu, Charles Babbage. Mteja wake alikuwa serikali ya Uingereza, na fundi wake alikuwa mkerezaji bora wa vyuma mjini London. Wote watatu walikuwa watu wa kuaminika, na bado mashine haikukamilika. Maisha ya mtu huyu yanafaa kusomwa na kila anayetaka kuagiza kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa.

Mtoto wa mwenye benki

Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba 1791. Baba yake, Benjamin, alikuwa mtu wa benki mwenye uwezo. Mtoto alikuwa dhaifu wa mwili, akasomeshwa sehemu fulani shuleni na sehemu fulani na walimu wa nyumbani. Alipenda hisabati kiasi kwamba alipoingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1810, alikuta anajua zaidi ya yale aliyotarajiwa kufundishwa.

Badala ya kukaa kimya, yeye na wenzake, akiwemo John Herschel ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mashuhuri wa nyota, walianzisha chama mwaka 1812 ili kuleta Uingereza hisabati mpya zilizokuwa zikitumika Ufaransa na kwingineko Ulaya. Tangu ujana wake, basi, alikuwa mtu wa kuona kasoro na kutaka irekebishwe mara moja.

Mwaka 1814 alimwoa Georgiana Whitmore. Walipata watoto wanane, lakini watatu tu ndio waliofikia utu uzima. Mwaka 1827 ulikuwa mwaka wa msiba juu ya msiba: alifiwa na baba, na mtoto wa kiume, na mke, na mtoto mchanga, yote ndani ya mwaka mmoja. Urithi wa baba yake, takriban pauni 100,000, ulimfanya tajiri asiyehitaji mshahara wa mtu. Lakini wanaoandika habari zake wanakubaliana kwamba baada ya mwaka ule hakuwa tena yule kijana mchangamfu wa Cambridge. Hakuoa tena.

Makosa katika majedwali

Ndugu msomaji, sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania tunakikumbuka kile kijitabu cha majedwali ya hisabati, chenye logi, saini na kosaini, ambacho bila hicho mtihani wa hesabu ulikuwa mgumu. Zama za Babbage majedwali kama hayo yalikuwa uhai wa nchi. Nahodha aliyatumia kujua meli yake iko wapi baharini. Mpima ardhi, mhandisi na mtu wa benki nao hawakuweza kufanya kazi bila hayo.

Tatizo ni kwamba majedwali yalikokotolewa kwa mkono, yakanakiliwa kwa mkono, yakapangwa herufi kwa mkono katika kiwanda cha uchapaji. Kila hatua iliingiza makosa yake. Mwaka 1821 Babbage na Herschel walikaa kusahihisha majedwali ya nyota yaliyokokotolewa na watu wawili tofauti, wakakuta tofauti nyingi mno. Hapo ndipo Babbage alipopata wazo kwamba kazi hii ifanywe na mashine, kama vile injini za mvuke zilivyokuwa zikifanya kazi nyingine nzito.

Siri ya mashine yake mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuielewa. Chukua namba zilizozidishwa kwa zenyewe: 1, 4, 9, 16, 25. Tafuta tofauti kati ya kila moja na inayoifuata: utapata 3, 5, 7, 9. Tafuta tofauti za tofauti hizo: utapata 2, 2, 2. Anayetaka kuendelea hahitaji tena kuzidisha. Anaongeza 2 juu ya 9 anapata 11, kisha anaongeza 11 juu ya 25 anapata 36, na kweli 6 mara 6 ni 36. Kujumlisha tu kunatosha, na kujumlisha ni kazi ambayo magurudumu ya meno yanaweza kuifanya. Kwa sababu hiyo aliiita Mashine ya Tofauti.

Mwaka 1822 alimaliza mfano mdogo, na ulifanya kazi. Wanasayansi walifurahi, chama cha wataalamu wa nyota kikampa nishani ya dhahabu. Mwaka 1823 serikali ilitoa pauni 1,500 za kuanzia. Serikali iliamini kwamba inanunua mashine. Babbage aliamini kwamba serikali itaendelea kulipa hadi mwisho. Hapakuwa na mkataba uliosema wazi ni kiasi gani, kwa muda gani, na nani atabeba hasara. Mbegu ya ugomvi ilipandwa siku ile ya furaha.

Fundi na zana zake

Mashine kamili ilihitaji vipande takriban 25,000. Leo ukitaka skrubu au nati unakwenda dukani na kutaja namba yake. Wakati ule kila karakana ilikuwa na skrubu zake, na nati ya fundi huyu haikuingia kwenye bolti ya fundi yule. Babbage alimpata Joseph Clement, fundi hodari wa kukereza vyuma na kuchora michoro. Kazi ya Clement ilikuwa ya aina mbili: kutengeneza vipande vya mashine, na kwanza kutengeneza zana za kutengenezea vipande hivyo, maana zana zenyewe hazikuwepo duniani.

Kazi ilikwenda polepole na gharama ikapanda. Mwaka 1832 walikamilisha sehemu moja tu, kama moja ya saba ya mashine yenyewe. Sehemu hiyo ilifanya kazi vizuri ajabu. Babbage aliiweka nyumbani kwake, na katika karamu zake za Jumamosi wakubwa wa London walikuja kuitazama ikizungusha hesabu.

Lakini mwaka uliofuata yote yalisimama. Serikali ilikuwa imejenga jengo lisiloshika moto karibu na nyumba ya Babbage ili kazi ihamishiwe huko. Clement alidai fidia ya kuhama, na madeni yake yalikuwa hayajalipwa. Babbage hakutaka kuendelea kutanguliza pesa zake mfukoni. Clement akawaachisha kazi mafundi wake na kufunga kazi. Kisha likaja jambo lililowashangaza wengi: kwa desturi ya ufundi ya wakati ule, zana zote alizotengeneza Clement kwa ajili ya mashine hii, kwa pesa ya serikali, zilibaki kuwa mali ya Clement. Hata michoro na vipande vilivyokwisha kutengenezwa havikupatikana mpaka baada ya mvutano mrefu.

Jumla ya pesa ya serikali iliyotumika ilizidi pauni 17,000. Mwaka 1831 kiasi hicho kingeweza kununua vichwa vya treni vipya takriban 22 kutoka kiwanda cha Robert Stephenson. Wabunge waliuliza swali ambalo mwenye duka wa Cibitoke angeuliza: vichwa 22 vya treni vinavuta mizigo, hii yetu iko wapi?

Kitabu kuhusu viwanda

Kinachoshangaza ni kwamba mwaka uleule wa 1832 Babbage alichapisha kitabu kuhusu uchumi wa mashine na viwanda, kilichosomwa sana na kuathiri wachumi waliomfuata. Alikuwa ametembelea viwanda vingi Uingereza na Ulaya, akaona kwa macho yake jinsi sindano, nguo na vitabu vinavyotengenezwa.

Katika kitabu hicho alitofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya hadi leo: kutengeneza kitu kimoja, na kuzalisha vitu vingi vilivyo sawa. Anayetengeneza kimoja hulipia mawazo, majaribio, michoro na makosa. Anayezalisha vingi huigawa gharama hiyo juu ya maelfu. Babbage alitaja makadirio kwamba mashine mpya ya kwanza hugharimu takriban mara tano ya ile ya pili inayofanana nayo. Aliandika pia sura nzima juu ya kunakili, akaonyesha kuwa uchapaji, uchongaji wa mihuri na upigaji chapa wa vitambaa ni kazi ya namna moja: unalipia sana kutengeneza kielelezo cha kwanza, kisha nakala zinatoka kwa bei rahisi.

Tuliokaa kaskazini mwa Bujumbura tunalielewa jambo hili. Kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilipokuwa kikifanya kazi kilitoa kitambaa kwa maelfu ya mita, na mita ya elfu moja ilikuwa sawa na mita ya kwanza. Fundi cherehani wa barazani anafanya kazi nyingine kabisa. Anakupima kifua, kiuno na urefu, anakata kwa kipimo chako, na ukinenepa kabla hujaichukua suti anaanza kufumua.

Sasa tutazame programu ya kompyuta kwa jicho la kitabu cha Babbage. Nakala ya pili ya programu haigharimu theluthi wala moja ya tano. Inagharimu karibu sifuri: unabonyeza, inanakiliwa. Maana yake ni kwamba kiwanda cha programu hakipo, au tuseme kiwanda chake ni kule kubonyeza. Kazi yote iliyobaki, na gharama yote, ni ile ya kutengeneza kielelezo cha kwanza. Ndiyo maana programu iliyouzwa kwa watu milioni inaweza kuwa rahisi kama sahani ya chakula, na programu iliyoagizwa na duka moja ikawa ghali kama pikipiki, ingawa zote mbili zinafanya kazi inayofanana. Wa kwanza wamechangia gharama ya kielelezo wakiwa milioni. Wa pili anaibeba peke yake.

Na ujenzi wa nyumba je? Wengi wetu tuliorudi kutoka uhamishoni tumejenga, na tunadhani kuagiza programu ni kama kuagiza nyumba. Kuna kufanana, maana kila nyumba inaagizwa. Lakini matofali, nondo na bati vina vipimo vinavyojulikana, uzito ambao ukuta unabeba umepimwa na vizazi vya wajenzi, na kila mtu anaona kwa macho ukuta umefika wapi. Bati likishapandishwa, hakuna mwenye nyumba anayemwambia mwashi ahamishe jiko upande wa pili kwa bei ileile. Kwenye programu hakuna ukuta wa kuonekana. Mwenye kuagiza anadhani kuhamisha jiko ni kazi ya dakika mbili, na fundi anaona aibu kumweleza kwamba msingi wote utafumuliwa.

Ghala na kinu

Babbage mwenyewe ndiye aliyehamisha jiko. Mwaka 1834, huku hatima ya mashine ya kwanza ikiwa bado haijaamuliwa, alipata wazo kubwa zaidi. Badala ya mashine inayofanya hesabu za aina moja, alitaka mashine moja inayoweza kufanya hesabu yoyote kulingana na maelekezo inayopewa. Aliiita Mashine ya Uchanganuzi. Ilikuwa na sehemu ya kuhifadhi namba, aliyoiita ghala, na sehemu ya kuzisaga, aliyoiita kinu. Kompyuta za leo, hata simu iliyo mfukoni mwako, bado zimegawanyika hivyo.

Maelekezo aliyachukua kutoka kwa wafumaji. Mfaransa Joseph Marie Jacquard alikuwa ametengeneza, mnamo mwaka 1804, mtambo wa kufuma ulioongozwa na kadi zenye matundu: palipo na tundu uzi unapanda, pasipo na tundu uzi unabaki chini. Ukibadilisha kadi, mtambo uleule unafuma maua mengine. Babbage aliona kuwa kadi hizohizo zinaweza kuamuru mashine ijumlishe, izidishe, au irudie hatua hadi sharti fulani litimie. Kwa mara ya kwanza mashine ilitenganishwa na maelekezo yake. Hapo ndipo mbegu ya programu ilipo.

Aliyelielewa wazo hili kuliko wengi alikuwa mwanamke kijana, Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron. Mwaka 1843 alitafsiri makala ya Mwitaliano Luigi Menabrea kuhusu mashine hiyo, akaongeza maelezo yake mwenyewe yaliyozidi makala yenyewe kwa urefu takriban mara tatu. Ndani yake aliweka hatua kwa hatua jinsi mashine ingekokotoa mfululizo fulani wa namba, na akaona kwamba mashine ya namna hii ingeweza kushughulika na mambo mengine zaidi ya namba, hata muziki. Alifariki mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 36.

Lakini kwa serikali wazo jipya lilikuwa habari mbaya. Mteja aliyelipia mashine ya kwanza kwa miaka kumi alisikia fundi wake akisema kwamba amegundua iliyo bora zaidi, kabla ya ile ya kwanza kutoka. Mwaka 1842 George Airy, mkuu wa wataalamu wa nyota wa serikali, alitoa ushauri kuwa mashine hiyo haina faida. Serikali ya Robert Peel ikafunga jalada. Babbage alikwenda kuonana na Peel Novemba mwaka huo, akalalamika kwa ukali, akatoka mikono mitupu.

Kenda shika

Waswahili husema heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi. Kule Sweden mchapishaji Georg Scheutz alisoma habari za Mashine ya Tofauti. Yeye na mwanawe Edvard wakajenga iliyo ndogo na nyepesi, isiyo na mahitaji yote ya Babbage. Ilikamilika mwaka 1853, ikaonyeshwa Paris mwaka 1855, ikanunuliwa na kituo cha kutazama nyota cha Albany huko Marekani. Nakala yake ilitengenezwa London kwa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, nayo ikasaidia kukokotoa majedwali ya umri wa kuishi yaliyochapishwa mwaka 1864.

Kwa sifa yake njema, Babbage hakuwaonea wivu. Aliwapokea kwa heshima na kuwasaidia kutambuliwa. Hata hivyo lazima tuseme kweli: mashine za Scheutz zilisumbua mafundi, na hazikuleta faida kubwa kama ilivyotarajiwa. Airy hakuwa mjinga kabisa. Alipima gharama ya mashine dhidi ya kazi ya makarani wake, akaona makarani wanatosha. Asichokiona ni kile kilichokuwa kimejificha nyuma ya majedwali, yaani mashine ya kufanya lolote.

Babbage alikuwa na mengine mengi. Kuanzia 1828 hadi 1839 alishika kiti cha uprofesa wa hisabati Cambridge, kiti alichowahi kukalia Newton, bila kutoa mhadhara hata mmoja. Aligombea ubunge mara mbili akashindwa. Alitengeneza behewa la kupimia mwendo na mtikisiko wa treni kwenye reli ya mhandisi Brunel, akaunga mkono reli yake pana ya futi 7. Reli hiyo ilikuwa nzuri, lakini nchi ilichagua kipimo kimoja kwa wote, na ile pana ikang'olewa kabisa mwaka 1892. Uzeeni alipigana na wapiga muziki wa mitaani waliomsumbua akifanya kazi, mpaka sheria ikatungwa mwaka 1864. Watoto wa mtaa walimlipiza kwa kumfuata wakipiga kelele.

Somo kwa watu wa mipakani

Wanaopitisha mizigo Kobero au Mugina wanaijua Sydonia, mfumo wa forodha ambao OBR iliupokea kutoka shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Mfumo huo umetumika katika nchi zaidi ya 80. Ni nguo ya dukani inayopunguzwa mikono na kila nchi. Tanzania ilikuwa nao pia, kisha kuelekea mwaka 2014 ikaamua kujishonea wake, TANCIS, kwa msaada wa Wakorea. Hakuna njia iliyo sahihi daima. Ya kwanza inakubana mahali fulani, ya pili inakugharimu zaidi.

Aidha, Tanzania ilikwishaonja uchungu wa Babbage. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali zilizowekwa kwenye kompyuta kwenda mrama, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kosa la mradi mmoja lilifunga mlango kwa miaka mingi.

Kwa upande mwingine, tuitazame M-Pesa ya Kenya. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalihusu wateja wachache waliokuwa wakirejesha mikopo midogo kwa simu. Waundaji waliwatazama wateja wakafanya nayo mambo mengine: kutumiana pesa, kulipana, kuweka salama pesa za safari. Wakaiacha mikopo kando, wakaizindua Machi 2007 kama huduma ya kutuma pesa. Walibadilisha mchoro, kama Babbage. Tofauti ni kwamba walibadilisha wakati kitu kikiwa bado kidogo na mkononi mwa watumiaji, si baada ya miaka kumi na maelfu ya vipande.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla hujamwita kijana, jiulize kama duka lako kweli ni tofauti na maduka mengine elfu. Kama si tofauti, nunua iliyo tayari na uzoee kasoro zake. Kama ni tofauti, kwa mfano unauza kwa faranga za Burundi, shilingi za Tanzania na dola kwa siku moja na kukopesha kwa kuaminiana, basi huenda unahitaji ya kushonewa. Ukiishona, anza na kipande kimoja kinachofanya kazi, kama ule mfano wa 1822, tuseme daftari la madeni peke yake. Lipa kwa kipande ulichokiona na kukitumia, si kwa tarehe. Kila badiliko jipya lipewe bei yake kabla halijaanza. Na muhimu kuliko yote, andikeni kwenye karatasi kwamba maandishi asilia ya programu, yaani ile michoro na zana za Clement, ni mali ya nani siku mkiachana.

Nanyi vijana wa kompyuta, msimfiche mteja kwamba hamjui itachukua muda gani. Anayetengeneza kitu cha kwanza hajui, na Babbage aliyeandika kitabu juu ya jambo hilo hakujua pia.

Mashine ikazunguka

Kati ya mwaka 1847 na 1849 Babbage alichora upya Mashine ya Tofauti, nyepesi zaidi, yenye vipande takriban 8,000 tu. Yale aliyojifunza kwa mashine ya pili aliyarudisha kwenye ya kwanza. Mwaka 1852 serikali ilikataa hata kuitazama. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 18 Oktoba 1871, akiwa na umri wa miaka 79, akiamini kwamba vizazi vya mbele vitamtendea haki.

Vilimtendea. Makumbusho ya Sayansi ya London iliichukua michoro ile na kuijenga mashine kwa usahihi wa vyuma uliowezekana enzi zake. Mafundi walikuta dosari chache kwenye michoro, wakazirekebisha. Mwishoni mwa mwaka 1991, miaka 200 tangu kuzaliwa kwake, sehemu ya kukokotoa ilizungushwa na ikatoa majibu sahihi yenye tarakimu 31. Sehemu ya kuchapa ilikamilika takriban miaka kumi baadaye.

Ikadhihirika kwamba vyuma havikumwangusha Babbage, wala hesabu zake. Kilichomwangusha ni mapatano: serikali isiyojua imeagiza nini, fundi aliyemiliki zana, na mbunifu aliyekuwa akiona iliyo bora kila asubuhi. Hayo matatu hayahitaji kompyuta wala chuo kikuu kuyarekebisha. Yanahitaji watu wawili kukaa chini, kusema ukweli, na kuandika.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mkazi wa Cibitoke, Bujumbura.